MVUKE WA PETROLI KATIKA MOTAKAA NDOGO: NAMNA YA KUTAMBUA KOSA LAKE NA KULITENGENEZA

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja katika mkutano wa mwezi wa wanachama. Imechapwa kwa ombi la Halmashauri.)



Halmashauri ilipoagiza kwamba kila mwezi mmoja wetu asome hotuba juu ya jambo lenye manufaa, wengi walitazamia habari za mishahara, za vyeo, na za malipo ya uzeeni. Hayo ni mambo makubwa, na wako wayajuao kuliko mimi. Mimi nimechagua jambo dogo lenye harufu kali, yaani mvuke wa petroli katika motakaa zetu ndogo: watoka wapi, wazuiliwa kwa namna gani, na ukipotea njia, mtu atajuaje mahali penye kosa na kulitengeneza bila kutupa fedha zake.

Huenda mtu akauliza, "Karani na mvuke wa petroli, wapi na wapi?" Jibu liko nje ya ukumbi huu. Tazameni uwanjani mtaona motakaa ndogo zimejipanga, nyingi zilitumika kwanza Japani, ndipo zikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam au Mombasa; na si chache kati yake zingali zikilipiwa kwa mkopo unaokatwa katika mshahara. Hizo ndizo zitupelekazo kazini, na ndizo zipelekazo watoto shuleni na wagonjwa hospitali. Siku taa ya injini iwakapo mbele ya macho ya mwenye motakaa, moyo wake hufadhaika. Na mtu aliyefadhaika ni mwepesi wa kuuziwa asichokihitaji. Nia yangu ni kupunguza fadhaa hiyo.

I. MVUKE WENYEWE

Petroli si kama mafuta ya taa. Mafuta ya taa yakiachwa katika sahani hukaa muda mrefu. Petroli ikiachwa hivyo hutoweka upesi, na mahali pake hubaki harufu tu. Kutoweka huko ndiko kugeuka mvuke. Hata penye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto; sembuse katika jua la saa saba mchana, motakaa ikiwa imesimama juu ya lami.

Mvuke huo una tabia mbili zipasazo kukumbukwa. Ya kwanza, ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa jikoni, bali hutambaa chini na kujikusanya mashimoni, kama vile shimo la fundi la kutengenezea motakaa. Ya pili, ukichanganyika na hewa kwa kadiri ya sehemu 1 na nusu mpaka sehemu 7 na nusu katika 100, cheche moja tu yatosha kuulipua. Kwa ajili hiyo harufu ya petroli ndani ya motakaa, au katika chumba inapolazwa, si jambo la kuzoewa.

Zamani tangi la petroli lilikuwa na tundu la kupumulia, na mvuke ulitoka ukaenda zake. Watu hawakujali sana mpaka mji wa Los Angeles, Marekani, ulipofunikwa na ukungu mchungu wa kuwasha macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifundisha katika California, alionyesha ya kuwa mvuke wa petroli pamoja na moshi wa motakaa, vikipigwa na jua, hugeuka kuwa hewa ya sumu. Ikaonekana pia kwamba kadiri ya sehemu moja katika tano ya petroli isiyoungua iliyochafua hewa haikutoka katika bomba la moshi, wala katika tumbo la injini, bali ilitoka tangini na katika kabureta, hata motakaa ikiwa imelala. Basi California ikaamuru kwamba motakaa mpya za mwaka 1970 zizuie mvuke huo, na mwaka uliofuata, 1971, amri ikaenea Marekani yote. Ndipo ulipozaliwa mtambo ninaousimulia, ambao leo umo katika motakaa zetu ndogo, ijapokuwa wengi wetu hatujapata kuuona.

II. VIUNGO VYA MTAMBO

Viungo vikubwa ni vitano. Cha kwanza ni tangi na kifuniko chake. Kifuniko kina ukingo wa mpira laini ambao kazi yake ni kuziba kabisa, mvuke usipate upenyo.

Cha pili ni kopo la mkaa. Si mkaa wa kupikia, ingawa ni ndugu yake. Hutengenezwa kwa mbao, kwa makaa ya mawe, hata kwa vifuu vya nazi, kisha ukatiwa vitundu visivyohesabika, hata gramu moja tu ya mkaa huo ina eneo la ndani lipitalo meta mraba 500. Mvuke ukipita humo hunaswa kama vumbi katika zulia.

Cha tatu ni vali ya kunyonya, nayo huwa karibu na injini. Kwa kawaida imefungwa. Kompyuta ya injini ikiipelekea umeme hufunguka, na kila ifungukapo yasikika ikigonga kidogo. Cha nne ni vali ya pumzi, upande wa kopo, ambayo kwa kawaida iko wazi ili hewa ya nje ipate kuingia na kutoka. Cha tano ni mipira na mabomba membamba yaunganishayo yote hayo. Motakaa nyingine zina pia sensa ya kupima shinikizo la mvuke tangini.

Kazi yao huenda hivi. Motakaa ikiwa imesimama, mvuke hutoka tangini, huingia koponi, na mkaa huushika. Hewa iliyochujwa hutoka kwa vali ya pumzi. Injini ikiisha kupata moto barabarani, kompyuta hufungua vali ya kunyonya kidogo kidogo. Injini huvuta, hewa safi huingia kwa vali ya pumzi, husafisha mkaa, na mvuke wote huenda ukachomwa injini kama petroli nyingine. Hakuna kinachopotea. Kopo hilo lafanya kama karani wa masjala: mkubwa asipokuwapo huzipokea barua zote na kuziweka, na mkubwa akiwa tayari kwa kazi humpelekea chache chache, asije akalemewa.

III. DALILI ZA KOSA

Dalili ya mvua ni mawingu, na mtambo huu una mawingu yake. Nitayataja matano.

La kwanza ni harufu ya petroli, hasa baada ya motakaa kukaa juani, au mara baada ya kujaza tangi. Hii yaonyesha kwamba kifuniko, mpira, au kopo lavuja.

La pili ni taa ya injini kuwaka, hali motakaa yaenda vizuri kama jana. Ikiwaka na kutulia, na hakuna harufu, motakaa yaweza kuendeshwa mpaka ipimwe. Lakini ikimetameta, hilo si jambo la mvuke: ni alama kwamba injini inakosa kuwaka sawasawa, na yafaa kusimama upesi.

La tatu ni injini kukataa kuwaka upesi mara tu baada ya kujaza petroli, kisha kutetemeka kidogo na kutulia. Hapo shuku vali ya kunyonya: imekwama wazi, na mvuke mwingi wa tangi lililojaa unaingia injini usipotakiwa.

La nne ni bomba la kituo cha petroli kujikata kila mara, tangi likiwa bado tupu. Hewa ya tangini haipati njia ya kutoka. Basi tazama vali ya pumzi, kopo, na mipira yao, kwamba vimezibwa.

La tano ni mvumo mkubwa wa kufyonza ufunguapo kifuniko. Mlio mdogo ni desturi. Mkubwa waonyesha kwamba tangi linanyonywa pasipo kupata hewa. Likiachwa hivyo muda mrefu, tangi laweza kubonyea au kupasuka.

IV. NAMBA ZA MAKOSA NA MAANA YAKE

Chini ya usukani mna soketi ambamo fundi huchomeka mashine ndogo ya kusoma makosa. Mashine hutoa namba, na zihusuzo mvuke zapasa kujulikana na kila mwenye motakaa. P0440 ni kosa la mtambo wa mvuke kwa jumla. P0441 ni kwamba mvuke hauendi injini kama ipasavyo. P0442 ni uvujaji mdogo, na P0456 ni uvujaji mdogo mno. P0443 ni kosa la umeme wa vali ya kunyonya, na P0446 la uongozi wa vali ya pumzi. P0455 ni uvujaji mkubwa, na P0457 mara nyingi ni kifuniko kilicholegea au kisichokuwapo.

Makarani wenzangu, hapa ndipo penye kiini cha hotuba yangu. Namba ile si hukumu. Ni kama barua ya malalamiko ifikayo ofisini: yataja idara ambayo jambo limeharibika, haimtaji mkosaji. P0455 haisemi "nunua kopo jipya." Yasema tu kwamba mahali fulani, toka kifunikoni mpaka injini, pana uwazi mkubwa. Karani aliyepokea barua kama hiyo akamfukuza kazi mtumishi wa kwanza aliyemwona mlangoni, tungemwonaje? Hivyo ndivyo afanyavyo fundi asomaye namba akaagiza spea papo hapo.

Nitatoa mfano. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja, ana motakaa ya injini ndogo ya sisi 1,300. Taa iliwaka, akaipeleka kwenye gereji moja. Mashine ikatoa P0455, na harufu ya petroli ilikuwapo. Akauziwa kwanza sensa ya bomba la moshi, ambayo haina uhusiano wowote na uvujaji wa mvuke. Taa ikafutwa, baada ya siku chache ikarudi. Akauziwa pampu ya petroli. Taa ikafutwa, ikarudi. Mara ya tatu akaambiwa anunue kopo la mkaa, naye akakopa kwa wenzake. Gharama zote zilipita mshahara wake wa mwezi, na ada ya mtoto ikachelewa. Mwisho fundi mzee wa mtaani kwao aliinamisha kichwa, akapitisha kidole juu ya mipira, na karibu na vali ya kunyonya akakuta mpira umepasuka kwa urefu wa ukucha. Akaukata palipopasuka, akaurudisha, akaukaza. Harufu ikaisha siku ile ile, na taa haijarudi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tena yapasa kujua kwamba si kila motakaa hupima uvujaji. Sheria ya Marekani, iliyoanza na motakaa za mwaka 1996, ilizitaka zitambue tundu la kipenyo cha milimeta 1. Na toka zile za mwaka 2000 ikaanza kutaka hata tundu la nusu milimeta litambuliwe. Motakaa nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine hazina upimaji huo. Kopo zinalo na vali zinazo, lakini mpira ukipasuka taa haisemi neno. Kwa motakaa za namna hiyo pua ya mwenyewe ndiyo shahidi, wala asijifariji kwa kusema, "Taa haijawaka."

Kwa upande wa pili, ziko motakaa za Toyota zenye pampu ndogo iamkayo yenyewe kadiri ya saa 5 baada ya injini kuzimwa, ikapima kama tangi na mipira vyavuja. Mtu akisikia mvumo mdogo usiku chini ya motakaa iliyolala, asidhani kuna jini.

V. UTARATIBU WA KUTAFUTA

Sasa nitaeleza utaratibu, kutoka kilicho rahisi mpaka kilicho ghali. Kabla ya yote, andika namba katika daftari, pamoja na siku, hali ya tangi, na dalili ulizoziona. Usikubali namba zifutwe kabla hazijaandikwa, kwa maana kufuta namba ni kuchana barua. Malalamiko yenyewe yangalipo.

Kwanza, kifuniko. Kifungue, utazame ukingo wake wa mpira. Ukiwa umekauka, umepasuka, au umeingiwa na mchanga, hauzibi. Futa mdomo wa tangi kwa kitambaa safi, ukirudishe, ukizungushe mpaka kilie. Ukingo ukiwa mbovu, nunua kifuniko cha motakaa hiyo hiyo. Kila kingiacho si lazima kizibe.

Pili, mipira. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fuata kila mpira toka vali ya kunyonya kurudi nyuma mpaka tangini. Kunja ncha zake polepole: mpira mzima hurudi, mpira mzee huonyesha nyufa. Tafuta palipotafunwa na panya, palipochubuliwa na chuma, na palipochomoka. Chini ya motakaa, tazama mabomba yaliyoliwa na kutu. Usiingie chini yake ikiwa imeinuliwa kwa jeki peke yake. Isimamishwe juu ya vigingi imara.

Tatu, vali ya kunyonya. Motakaa ikiwa ya baridi, chomoa soketi ya umeme ya vali hiyo, kisha chomoa mpira utokao koponi. Washa injini, uache ingurume taratibu, na weka kidole juu ya mdomo wa vali. Pasiwe na mvuto wowote, kwa kuwa bila umeme vali yapasa kufungwa. Ukisikia kidole kinavutwa, vali imekwama wazi. Na hapo ile shida ya kuwasha motakaa baada ya kujaza petroli imepata sababu. Kisha zima injini, uiondoe vali, uipe umeme wa betri wa volti 12 mbali na mvuke wowote: igonge, na hewa ipite. Ikikaa kimya, pima kwa mita ya umeme. Kwa motakaa nyingi kipimo ni kati ya omu 15 na 40, na kitabu cha motakaa ndicho mwamuzi. Ikiwa vali ni nzima lakini namba P0443 yarudi, tazama fyuzi, waya, na soketi yenye kutu, kabla ya kulaumu kompyuta.

Nne, vali ya pumzi na kopo. Hivi mara nyingi hukaa nyuma, chini, mahali pa vumbi na matope. Katika barabara zetu za udongo, njia ya pumzi huzibika upesi. Hata mdudu mdogo aweza kuziba. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita zaidi ya motakaa 50,000 za namna ya Mazda6 huko Marekani, kwa sababu buibui alikuwa akijenga utando ndani ya mpira wa pumzi. Mpira ukizibwa, tangi laweza kunyonywa hata likapasuka. Ikiwa buibui aweza kuisumbua kampuni kubwa hivyo, fundi asione aibu kutazama ndani ya mpira kabla ya kuagiza kompyuta mpya. Ama kopo lenyewe, likitoa chembe nyeusi za mkaa katika mipira, au likiwa zito kwa petroli iliyoingia ndani, limekwisha. Libadilishwe, na mipira na vali zisafishwe chembe zile.

Tano, moshi. Yote hayo yakiwa mazima na uvujaji ungalipo, mpelekee fundi mwenye mashine ya moshi. Mashine hiyo hupuliza moshi mweupe ndani ya mtambo kwa shinikizo dogo sana, lisilopita ratili 1 kwa inchi mraba, hali upepo wa gurudumu ni kama ratili 30. Mahali moshi utokapo ndipo penye tundu. Kamwe asitumie upepo wa kujazia magurudumu, kwa sababu utapasua vilivyokuwa vizima, tena kupuliza hewa nyingi juu ya petroli ni kualika moto.

VI. KUTENGENEZA, NA YALIYOKATAZWA

Matengenezo mengi ni madogo. Mpira uliopasuka nchani, ukiwa mrefu wa kutosha, hukatwa na kurudishwa. Ukiwa mbovu wote, ununuliwe mpira uliofanywa kwa ajili ya petroli na mvuke wake; mpira wa maji hulainika na kuoza upesi, nawe utakuwa umenunua kosa la mwezi ujao. Bomba lenye kutu libadilishwe, lisifungwe kwa utepe.

Jambo moja nalikataza kwa nguvu. Wako mafundi ambao, wakishindwa kutafuta, huziba mipira kwa bolti na kulitupa kopo. Wakikuambia kwamba kopo ni pambo la Wazungu na Wajapani, usikubali. Mipira ikizibwa tangi halina pumzi, na ikiachwa wazi mvuke hutoka chini ya viti ambapo watoto wako wamelala njiani. Na ile petroli ambayo ingechomwa injini, uliyoinunua kwa fedha yako, yapotea hewani.

Kazi yote ifanyiwe penye hewa, mbali na jiko, sigara, na taa ya moto. Waya hasi wa betri uondolewe kabla ya kugusa tangi. Chombo cha mchanga au kizimamoto kiwe karibu. Na kulishusha tangi ni kazi ya fundi aliyezoea.

Kuna tendo jingine ambalo huua kopo polepole, nalo hutendeka kituoni, si gereji. Bomba la petroli likijikata, tangi limejaa. Wengi humwambia kijana wa kituo, "Ongeza kidogo, ifike elfu kamili." Nyongeza hiyo yaweza kupanda katika njia ya mvuke na kuingia koponi ikiwa petroli ya maji, si mvuke, mkaa ukilowa hivyo hauwezi tena kazi yake. Kwa ajili ya kukwepa chenji, mtu hununua kopo.

Baada ya matengenezo yapasa kuwa na subira. Motakaa zipimazo uvujaji hazipimi kila saa. Nyingi hutaka injini iwe imepoa kwanza, hali ya hewa iwe ya wastani, na tangi lisiwe tupu wala limejaa kabisa; kati ya robo na robo tatu ni salama. Kwa hiyo taa yaweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kuzimika yenyewe, na ikiwa imefutwa kwa mashine, kutowaka kwake leo si ushahidi kwamba kosa limeondoka. Endesha juma zima, ndipo umlipe fundi salio lake, kwa mapatano mliyoyafanya mapema.

VII. HOJA

Bwana Rais, nisingependa hotuba hii iishe kwa makofi tu. Naona tuna elimu ya kutosha kujilinda. Sisi sote tumefundishwa kuandika kumbukumbu, kufuata faili ukurasa kwa ukurasa, na kutokutia sahihi kabla ya kusoma. Desturi hizo tukizivua mlangoni pa gereji, twajidhulumu wenyewe. Sisemi kwamba mafundi ni wezi. Fundi aliyemwokoa mwenzetu alikuwa fundi, tena wa mtaani. Nasema kwamba fundi mwema hufurahi kupata mteja aulizaye, na fundi asiye mwema humwogopa.

Basi naleta hoja tatu fupi. Kwanza, chama kinunue kwa michango yetu mashine moja ya kusoma makosa na mita moja ya umeme, zikae kwa Katibu, na kila mwanachama aazime kwa kutia sahihi. Pili, tufungue daftari moja ambamo kila mmoja ataandika namba aliyoiona, dalili zake, na kilichoponya, ili asiyekuwa na uzoefu ajifunze kwa aliyetangulia. Tatu, mwanachama yeyote asilipie spea ya mtambo huu kabla hajaonyeshwa kwa macho kosa la ile ya zamani: mpira upasuke mbele yake, vali ikae kimya mbele yake, moshi utoke mbele yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mtambo huu mara nyingi hauzidi urefu wa ukucha. Mbali ya fedha, kuna jambo lililo kubwa zaidi: motakaa inukayo petroli hubeba moto pamoja na abiria wake. Atakayetoka hapa akafungue kifuniko cha tangi lake kesho asubuhi na kutazama ukingo wake, huyo ameisikia hotuba yangu vizuri kuliko atakayenisifu.

Niko tayari kujibu maswali, kadiri ya elimu yangu.